Utani wa jukwaani uliowakosesha kazi watu wawili, na kipaza sauti nilikuwa nimekishika mimi

Sauti_ya_Ukumbi (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye. Nimekaa nao moyoni karibu miaka miwili na sasa naona bora niutoe.

Kazi yangu ni kuongoza makongamano ya kitaaluma. Namtambulisha mzungumzaji, natunza muda, nazungusha kipaza sauti maswali yakianza. Mwaka wa kumi na moja huu.

Siku hiyo ilikuwa kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana. Akapanda mzungumzaji ambaye watu walikuwa wanamsubiri tangu asubuhi. Projekta ikagoma. Fundi wa vyombo, binti wa miaka ishirini na kitu, akapanda jukwaani na kupiga magoti nyuma ya meza kutafuta waya uliochomoka. Yule bwana akamtazama, akaugeukia ukumbi, akasema jambo kuhusu namna binti alivyopiga magoti. Sitalirudia hapa. Lilieleweka. Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Kilikuwa kile kicheko cha kuziba pengo, lakini ni kicheko, na kipaza sauti changu kilikuwa wazi, kikakichukua.

Kitu ambacho hakinitoki ni mkono wa yule binti. Waya alikuwa ameshaupata, ameushika, kichwa chake kiko karibu na tundu. Hakuchomeka. Alitulia vilevile chini ya meza mpaka watu wakamaliza kucheka, ndipo akachomeka. Picha ikatokea ukutani. Akashuka kwa upande wa pazia, hakupita kwenye ngazi za mbele alizopandia.

Jioni klipu ilikuwa mtandaoni, sekunde kumi na nne. Aliyeirusha ni mshiriki wa safu za nyuma, na nia yake naamini ilikuwa njema. Kesho yake asubuhi watu walikuwa wameshajua yule bwana ameajiriwa wapi. Siku ya tatu mwajiri wake akatoa tamko la mistari minne kwamba hawako naye tena. Hakuitwa kuhojiwa, alipata habari kwa barua pepe akiwa bado hotelini.

Wengi walidhani kisa kimeishia hapo. Binti naye alikuwa na mwajiri, kampuni ndogo inayokodisha vyombo na mafundi. Wateja wakaanza kupiga simu kuomba wasiletewe "yule wa kwenye klipu", maana hawataki kuingia kwenye mjadala. Hakuna aliyemfukuza. Aliacha tu kupangiwa kazi, wiki moja, ya pili, ya tatu. Mwezi wa pili akaandika barua ya kuacha. Na huyu hakuwa amelalamika popote. Hakuna mtu, nami nikiwemo, aliyemfuata kumuuliza: unataka tufanyeje?

Nilipoanza kutafuta kama kuna waliokwisha kukutwa na jambo hili, nikaangukia kisa cha PyCon cha Machi 2013, Santa Clara, California. Ni mkutano wa watengenezaji programu wanaotumia lugha ya Python. Wanaume wawili wamekaa, mada inaendelea, wao wanateta utani wa mafumbo ya chumbani kwa kutumia maneno ya kazi yao: jina la kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, na neno wanalotumia mtu anaponakili msimbo wa mwenzake akauendeleza kivyake. Mwanamke aliyekaa mbele yao akageuka, akawapiga picha, akaiweka Twitter na kuwaomba waandaaji waje. Waandaaji wakaja, wakaongea na pande zote faragha, wale wawili wakakubali kosa na kuomba radhi. Kwa upande wa waandaaji likawa limekwisha.

Lakini picha ilikuwa imeshatoka. Siku chache baadaye mmoja wao, baba wa watoto watatu, akaachishwa kazi. Mwenzake akabaki. Hapo umati wa upande wa pili ukamgeukia yule mwanamke: vitisho vya kumuua, vitisho vya kumbaka, na mfumo wa mwajiri wake ukashambuliwa hadi ukaelemewa. Mwajiri naye akamwachisha, na akatangaza hadharani kwamba amemwachisha.

Aliyetania hana kazi, na aliyelalamika hana kazi. Nilisoma kisa hicho usiku mmoja nikakiona kama ukumbi wangu umehamishwa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Yule bwana alikosea, na alistahili kukemewa palepale mbele ya watu walewale aliowachekesha. Wa kumkemea nilikuwa mimi. Nilikuwa na kipaza sauti, nilikuwa na mamlaka ya ukumbi, na nilikuwa na sekunde kama tano hivi. Nilipozitupa, nafasi yangu ikachukuliwa na watu laki kadhaa ambao hawakuwemo ukumbini.

Naomba tuzungumze. Hasa wale mnaoandaa mikutano, mnaoajiri, na mliowahi kuwa chini ya meza.

---

Mzee_wa_Hoja

Dada, nakuheshimu kwa kusema ukweli wako, lakini umejibebesha mzigo mkubwa mno. Utani ni utani. Miaka yetu watu walitaniana kazini asubuhi mpaka jioni na kazi zilikwenda. Leo mtu ananong'ona na mwenzake kitini, wala hakumsemesha yule mama aliyekaa mbele, halafu analala hana kazi. Kosa la kunong'ona na kosa la kumpiga mtu kofi yamewekwa mzani mmoja. Mimi hilo ndilo linaloniudhi, na sitaki kulizunguka.

---

Binti_Msimbo

Mzee shikamoo, na tuelewane. Mimi naandika programu, mwaka wa tisa. Wewe unauona utani mmoja. Mimi ule ni wa arobaini, na thelathini na tisa ya kwanza nilinyamaza.

Kuna hesabu unaifanya kichwani pale unapousikia, na unaifanya haraka sana. Nikigeuka, watasema sina ucheshi. Nikinyamaza, wa safu yangu watadhani nimekubali. Nikienda kwa waandaaji, meza yao iko nje, nitapitwa na mada niliyolipia, na yule kijana wa mapokezi ataniuliza "alisema nini hasa?" na itabidi niyatamke maneno yale mimi mwenyewe mbele ya foleni. Ukishamaliza hesabu hiyo mzungumzaji ameshavuka kurasa tatu na umepotea.

Kwa hiyo ninapoona mtu kanyanyua simu kupiga picha, namwelewa. Sisemi amefanya sawa. Nasema simu ndiyo mlango pekee aliowahi kuuona ukifunguka. Mwaka 2009 kule San Francisco, kwenye mkutano wa watengenezaji programu wanaotumia lugha ya Ruby, mzungumzaji alipanda jukwaani na mada ya kiufundi iliyopambwa picha za ngono kuanzia kichwa cha habari. Mada ilipita kwa waandaaji, ikapita ukumbini, ikaisha. Kilichowafanya watu wa fani waanze kuulizana ni kelele za mtandaoni baadaye. Miaka miwili baadaye, 2011, likaanzishwa shirika la Ada Initiative, ambalo lilisaidia sana mikutano kuandika kanuni za mwenendo. Kwa hiyo tusiseme kelele hazijawahi kuzaa kitu. Zimezaa.

Ila dada, umenigusa kwa yule fundi. Sikuwahi kufikiri kwamba kelele za kumtetea mtu zinaweza kumla huyohuyo anayetetewa.

---

Sauti_ya_Ukumbi

Mdogo wangu, hilo la kutamka maneno mbele ya foleni sikuwahi kulifikiria hata mara moja, na meza hizo ni mimi huwa naelekeza ziwekwe wapi. Nimeliandika.

Mzee, nakujibu. Sina ugomvi na wewe juu ya mzani. Kofi na mnong'ono si kitu kimoja. Lakini wewe mwenyewe umeshaona mahali mzani ulipovunjikia: waandaaji wa PyCon walikuwa nao, wakapima, wakatoa adhabu ya kiwango cha kosa, yaani maongezi na radhi. Kazi haikuondolewa na waandaaji, wala na yule mama. Iliondolewa na mwajiri aliyesikia kelele mlangoni. Na kazi ya yule mama iliondolewa na mwajiri mwingine aliyesikia kelele za upande wa pili. Mimi lawama yangu naipeleka huko.

---

Mkaguzi_Faili

Nimo kwenye idara ya rasilimali watu, naomba niingie hapo kwenye waajiri maana ndipo uzi ulipo.

Kwanza, msidhani waajiri wote wanafungwa na kanuni zilezile. Marekani ajira nyingi hazina mkataba wa muda. Mwajiri anaweza kukuachisha leo bila kueleza sababu, ilimradi sababu yenyewe isiwe ile iliyokatazwa na sheria, mathalani ubaguzi. Ndiyo maana visa vya kule vinakwenda kwa siku mbili tatu. Nchi nyingine nyingi zinataka mtu aelezwe tuhuma, ajibu, asikilizwe, ndipo hatua ichukuliwe, na ukikiuka mlolongo huo unaweza kupoteza kesi hata kama mtu alikosa kweli.

Pili, ile hoja ya "ilikuwa nje ya ofisi, mapumziko, chakula cha mchana" imeshapitwa. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika 25 Juni 2021, umetaja wazi kwenye kifungu cha 3 kwamba ukatili na unyanyasaji wa kazini unahusu pia safari, mafunzo, hafla na shughuli za kijamii zinazotokana na kazi, pamoja na mawasiliano ya mtandaoni. Kongamano limo humo. Uingereza nako, tangu 26 Oktoba 2024, mwajiri anatakiwa kuchukua hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kabla haujatokea, si kungoja malalamiko.

Na mkataba huohuo wa 190 unataka walalamikaji, waathirika na mashahidi walindwe dhidi ya kulipiziwa kisasi. Wale wateja waliosema "msituletee yule wa klipu", na kampuni iliyokubali kimyakimya, ndicho walichofanya, hata kama hakuna aliyekiita kwa jina hilo.

Sasa niseme la moyoni. Nimekaa kwenye kile chumba. Simu zinaita, mkurugenzi anasoma maoni kwa sauti, mtu wa habari anasema tuna saa moja tutoe tamko. Nani anauliza kilichotokea ukumbini? Swali linaloulizwa ni "tunaizimaje hii?" Na njia ya haraka ya kuizima ni kumtoa mtu. Nilisaini barua moja ya namna hiyo. Mhusika alikuwa amekosa, na onyo la maandishi lilikuwa linatosha kabisa, nililijua hilo nikiwa na kalamu mkononi.

---

Mzee_wa_Hoja

Mkaguzi, marahaba kwa hilo la mwisho. Na binti, marahaba. Hapo kwenye arobaini umenikalisha chini.

Niongeze kitu mnaoupenda mtandao mnakisahau: hata kabla ya mtandao jukwaa liliwahi kummeza mtu. Tarehe 23 Aprili 1991, Gerald Ratner, mwenye maduka ya vito Uingereza, alihutubia mkutano wa Institute of Directors, chama cha wakurugenzi wa makampuni, ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall. Akatania bidhaa zake mwenyewe. Kwamba anauza chupa ya kioo ya mvinyo na glasi sita juu ya sinia kwa pauni 4.95, na watu wakimuuliza anawezaje bei hiyo, huwajibu ni takataka tupu. Na hereni zake akazilinganisha na sandwichi ya kamba wa baharini. Ukumbi ulicheka sana. Kesho yake magazeti yakayapeleka maneno yale kwa wateja waliokwisha kununua hereni zile wakawavisha wake zao. Thamani ya kampuni ilishuka kwa takriban pauni milioni 500, naye akaondoka 1992, na kampuni ikabadilisha jina.

Pale hapakuwa na simu ya mtu. Neno lililosemwa mbele ya wakubwa wenzake lilifika kwa watu ambao halikukusudiwa kwao, basi. Sasa nakiona nilichokosea juu: mnong'ono wa kitini nao una mtu anayeusikia ambaye haukukusudiwa kwake.

---

Kisima_cha_Maktaba

Mimi ni mwalimu wa chuo, nimehudhuria mikutano mingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Niwaletee visa viwili vinavyofaa kuwekwa pamoja.

Cha kwanza mnakijua. Juni 2015, Seoul, mkutano wa dunia wa waandishi wa habari za sayansi. Tim Hunt, mshindi wa Nobel ya 2001 ya fiziolojia au tiba, anasimama kwenye chakula cha mchana na kusema shida yake na wasichana maabara ni tatu: unawapenda, wanakupenda, na ukiwakosoa wanalia. Utani huo ukaenda Twitter ukiwa bado moto. Ndani ya siku chache amejiuzulu uprofesa wa heshima University College London, na nafasi yake kwenye kamati ya sayansi ya Baraza la Utafiti la Ulaya. Mkewe, ambaye naye ni mwanasayansi, alieleza kwamba chuo kilimtaka mumewe ajiuzulu hata kabla hajapata nafasi ya kueleza upande wake. Baadaye zikatokea taarifa kwamba baada ya maneno yale alisema "sasa kwa dhati" na kuwasifu wanawake wa sayansi. Watu wakabishana miezi kuhusu sentensi alizosema, wengine wakiwemo ukumbini na bado hawakukubaliana.

Nilichokipenda katika fujo ile ni wanasayansi wanawake waliojipiga picha kazini, na makoti ya maabara, barakoa, matope mpaka magotini, wakaziweka mtandaoni wakiuliza kama wanavuruga watu akili. Hawakuomba mtu afukuzwe. Walilijibu lile neno lenyewe, na jibu lao lilidumu kuliko tamko lolote la chuo.

Kisa cha pili ni San Francisco, Aprili 2018, mkutano wa International Studies Association, chama cha wasomi wa uhusiano wa kimataifa. Lifti imejaa. Mtu anauliza ghorofa gani, profesa mmoja mzee anajibu kama wahudumu wa lifti za maduka ya zamani: "nguo za ndani za wanawake." Baadhi wakacheka. Mwanamke mmoja, profesa pia, hakumpiga picha na hakutaja jina popote. Alipeleka malalamiko kwa chama, kwa utaratibu. Chama kikaona kanuni imevunjwa, kikamtaka aombe radhi. Tazameni: kilichomzidishia kosa profesa yule ni barua pepe aliyomwandikia mlalamikaji akiyaita malalamiko yake ya kipuuzi. Chama kiliiona ile barua kuwa nzito kuliko neno la kwenye lifti. Akagoma kuomba radhi, habari ikaingia magazetini, na kelele zikaja zilezile, zamu hii zikimwangukia zaidi mlalamikaji.

Kwa hiyo, dada mleta uzi, hata mlango sahihi ukitumika kelele zinaweza kuja. Sikukatishi tamaa. Nasema tu "angepeleka kwa waandaaji" si dawa ya kila kitu, na mtu asimlaumu wa picha kana kwamba njia nyingine ilikuwa na zulia.

---

Pembe_ya_Nyuma

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni yule mtu wa safu ya nyuma. Sio wa kongamano lako, dada, lakini nilishawahi kurusha klipu.

Mzungumzaji alimtania mshiriki aliyeuliza swali kwa lafudhi. Alimwigiza. Nikarekodi kwa sababu nilikasirika, na hasira ile naiheshimu hadi leo. Nikairusha nikiwa kwenye kiti. Halafu nikafanya kitu ambacho sikujisifia kwa mtu: jioni nzima niliangalia namba zikipanda. Nilikula nikiangalia. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia nimemshika mtu. "Nimemshika mtu" ndiyo maneno niliyotumia.

Usiku wa manane nikapata ujumbe. Ulitoka kwa yule muuliza swali. Aliandika hivi tu: "Naomba uifute. Mama yangu ameiona." Nilifuta. Klipu ilikuwa imeshanakiliwa mahali pengi, haikusaidia. Nilikuwa nimekaa viti vinne kutoka kwake siku nzima.

---

Binti_Msimbo

Kaka, asante kwa kuandika hili. Sina cha kuongeza.

Ninalo swali kwa mleta uzi na kwa Mkaguzi. PyCon baada ya 2013 waliweka kwenye kanuni zao maneno kwamba kuaibishana hadharani kunaweza kudhuru jumuiya. Mimi niliyapokea vibaya. Niliona kama mlalamikaji ndiye aliyeandikiwa kanuni. Ukiniambia nisitumie simu, niambie na mlango mwingine ni upi, na uko wazi saa ngapi. La sivyo umeninyang'anya fimbo na mbwa bado yupo.

---

Mkaguzi_Faili

Uko sahihi, na ndivyo ninavyowaambia wakubwa wangu. Usikataze kelele kama hujaweka sikio.

Kwa upande wa mwajiri ninaloweza kusema ni hili, na sasa naliandika kwenye sera tunayoipitia: klipu ikivuma, tamko la kwanza liseme tumeona, tunafuatilia, mhusika na aliyetendewa watasikilizwa. Hatua yoyote ya ajira isitoke ndani ya siku tano za kazi. Siku tano zinatosha umati kupata kingine cha kushughulika nacho, na zinatosha kumpigia simu mtu wa chini ya meza. Mkurugenzi amegoma hilo la siku tano, anataka mbili. Bado tunavutana.

Na onyo la maandishi lipo. Watu wamesahau kwamba lipo. Kuna onyo, kuna kuondolewa kwenye orodha ya wawakilishi wa kampuni, kuna kupelekwa mafunzo, kuna kusimamishwa, ndipo kuna kufukuzwa. Kwa yule anayerudia, au aliyemgusa mtu mwilini, au anayemtania aliye chini yake kimadaraka huku akijua hawezi kumjibu, mimi napanda ngazi haraka na sioni haya.

---

Mzee_wa_Hoja

Dada, lakini hukutuambia. Uliwahi kuzungumza na yule bwana? Na yule fundi yuko wapi?

---

Sauti_ya_Ukumbi

Mzee, nilijua utauliza.

Bwana nilizungumza naye kwa simu mwezi wa nne baada ya tukio. Alianza kwa hasira juu ya mwajiri, juu ya mtandao, na mengi alikuwa na haki nayo. Nikamuuliza kama amewahi kumtafuta binti. Akanyamaza. Akasema wakili alimshauri asimtafute. Nikamwambia basi mwandikie, nipe mimi nifikishe. Ilichukua wiki tatu. Barua ilikuja ya aya moja, haina "kama niliudhi", ina "nilikudhalilisha ukiwa kazini na nilijua nafanya hivyo". Leo anafanya ushauri wa kujitegemea, hajarudi jukwaani.

Binti nilimfuata nyumbani. Sikuwa na haki ya kumpigia tu na kujisafisha. Nilimwomba radhi kwa kicheko changu kwanza, kabla ya kumpa barua. Alinijibu kwamba kicheko changu alikitambua, maana kilitokea kwenye spika aliyokuwa ameifunga mwenyewe asubuhi, iko nusu mita kutoka kichwani kwake. Barua aliisoma mbele yangu, akaikunja, akasema atafikiri. Hakusema amesamehe, nami sikumuuliza. Alichosema ni kwamba siku ile angetaka mtu mmoja tu aseme "tusubiri fundi amalize", basi. Maneno matatu. Angechomeka waya wake akashuka kwa ngazi za mbele.

Sasa anasomea mambo ya mwanga wa majukwaa.

Nina kongamano wiki mbili zijazo, na baada ya uzi huu nimebadilisha mambo. Meza ya malalamiko nimeitoa mapokezi, nimeiweka chumba cha pembeni chenye mlango. Nyuma ya kila beji kuna namba ya kutuma ujumbe, ili mtu asilazimike kutamka chochote wala kutoka ukumbini. Wazungumzaji nimewaandikia kwamba kauli ya kumdhalilisha mtu ikitoka nitaikata kwa kipaza sauti changu palepale, kwa jina, kisha tutaendelea na mada. Wawili wamejibu wamefurahi, mmoja ameuliza kama namtuhumu. Na ujumbe ukija, swali la kwanza kwa aliyetuma ni: wewe ungependa tufanye nini?

Nikosoeni.

---

Binti_Msimbo

Mawili dada. Namba ipokelewe na nani? Akiwa ni mmoja wa waandaaji wakubwa na mtania ni rafiki yake, tumerudi palepale. Na visa vingi mimi vimenikuta jioni, kwenye tafrija ya mwisho, saa ambayo meza zote zimeshakunjwa.

---

Sauti_ya_Ukumbi

Kweli. Nimerekebisha sasa hivi, beji hazijaenda kuchapwa. Wapokeaji wawili, mwanamke na mwanaume, wote kutoka nje ya kamati ya maandalizi. Jioni ya tafrija mpaka mtu wa mwisho aondoke, simu ya tatu ninakaa nayo mimi.